Magodoro ya Wageni

Mara ya kwanza tulikuja kwa barua.
Barua ilitutangulia siku tisa, na muhuri wake,
na gari tulilopanda lilitiwa mafuta
na idara ileile tuliyotumwa kuikagua.
Wete, juu ya mteremko wa bandarini,
Bwana Shineni alitupokea kwa halua.
Watoto walipangwa kwa urefu, wakatuamkia kwa sauti moja.
Magodoro kumi na saba, shuka zimenyooshwa.
Nikatia vema kila kisanduku cha fomu,
kila kisanduku kikapata kindege chake cha wino.

Nashuka ngazi, mtoto akanivuta buibui.
Mafunda, miaka minane.
"Mwaja tena kesho?"
Kwani kuna nini kesho?
"Mkija twalala juu. Mkenda twalala chini."

Nilidhani kanipa fumbo. Pemba mafumbo hatuyaogopi,
hata bei ya pweza mtu huifumba.
Nililifumbua Unguja, usiku wa manane,
ubavu wangu juu ya sufi.

Kinyozi hajinyoi, walisema.
Hujinyoa! Kila mwaka wa fedha hujinyoa,
akajikata sikio,
na kwenye taarifa akaandika: hina.

Safari hii sikuandika barua.
Nauli nimelipa mwenyewe, risiti i mkobani.
Tume yetu changa haina gari, haina kiti cha pili;
ina sheria ya kurasa kumi na nne,
na ina mimi.
Nikafika Jumamosi, mapema,
umande haujakauka kwenye majamvi ya karafuu.

"Bwana hayupo," alisema mlinzi.
Sikumjia bwana.
"Basi karibu chai."
Chai yenu nitakunywa siku nikija mgeni.

Magodoro yalikwisha rudi gesti, mjini,
yanalaza wanunuzi wa karafuu.
Vyumbani majamvi, na jamvi moja lina tundu la ukubwa wa bega.
Daftari lasema watoto kumi na saba.
Jikoni sahani ishirini na mbili.
Miswaki sita.
Nani kahesabu vibaya, daftari au njaa?

Daftari lasema pia: asubuhi wako chuoni.
Niliwakuta uani, wamechutama,
karafuu huku, makonyo kule,
pishi kwa pishi, na ujira
waingia mfuko ambao hauna mtoto.
Nikaushika mkono wa Mafunda.
Kucha nyeusi. Vidole vyanukia
kama nyumba yenye harusi.

Saa nne simu ikalia. Sauti laini, ya mtu mwenye ofisi:
"Bi Raya, sisi sote wa kisiwa kimoja.
Shineni ni ami yake mumeo, au umesahau?
Andika tu: inaridhisha, kwa marekebisho."
Marekebisho. Neno pana hilo,
mtu mzima hujificha ndani yake na viatu vyake.
Nilimwambia mtandao wakatika.
Haukuwa ukikatika.

Nikaandika nikiwa nimesimama, fomu juu ya ukuta wa kisima:
Magodoro, sifuri. Kwa tarakimu na kwa maneno.
Watoto, ishirini na wawili, na majina yao,
nikiwauliza mmoja mmoja,
na mmoja hakulijua la babake
nikamwachia mstari, nisimtungie.
Ukurasa haukutosha. Nikageuza nyuma,
pale palipochapwa: Usiandike hapa.

Jua limepanda. Bwana Shineni atakuja, na mawakili wa ndugu,
na jioni mume wangu atanyamaza mezani.
Hayo yangu.

Mafunda alinisindikiza hadi penye mtaro.
"Utarudi lini?"
Kifungu cha tisa: siku ya ukaguzi haitajwi
kwa yeyote, kwa sababu yoyote.
Nilikitetea mwenyewe kifungu hicho, neno kwa neno.
Nitarudi, nikamwambia. Ila siku siitaji.

Akanitazama, akapangusa vidole kwenye gauni.
"Na mama alisema hivyo hivyo."